Umeshakunja karatasi. Sasa jengo limkunjie nani?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu. Studio tumepewa kazi ya maktaba ndogo ya kata mjini Tanga, ghorofa moja, na kila mmoja ametakiwa kuchagua kitenzi kimoja kiwe konsepti yake, yaani wazo kuu la jengo lake. Mimi nilichagua 'kukunja'. Nimekunja karatasi wiki nzima nikapata modeli ambayo wenzangu waliipenda sana, paa lake lote ni mikunjo mikunjo. Kiwanja kina barabara upande wa mashariki na mwembe mmoja. Jopo lilipokuja likasema ni umbo tu, jengo hawalioni. Nibadilishe kitenzi? Na kweli kitenzi kimoja kinaweza kubeba jengo zima, au ni mchezo wa studio tu?"

Marahaba, mwanangu. Usikibadilishe kitenzi bado. Kukunja kina kazi nyingi ya kufanya kwenye maktaba ya Tanga, na nitakuonyesha baadhi yake hapa chini. Lakini jopo halikukuonea. Ulipokuwa unakunja karatasi, aliyekunja ni wewe na kilichokunjwa ni karatasi. Maktaba yenyewe haijafanya jambo lolote, na mtoto atakayeingia na daftari lake mkononi hajakunjiwa chochote.

Uzuri wa kitenzi kama chanzo cha usanifu uko hapo hapo. Ukisema konsepti yako ni jahazi au kombe la pwani, hakuna anayekudai maelezo. Unachora umbo la jahazi, unaweka madirisha, basi. Kitenzi hakikuachii hivyo, maana kina wahusika wake. Nani anakunja? Kinachokunjwa ni kipi? Kinamkunjia nani? Kikishakunjwa, kinakunjuka tena au kimebaki hivyo? Ukiandika majibu ya maswali hayo manne kwa maneno yako, hata kabla hujagusa penseli, umeshapata konsepti. Neno "kukunja" likiwa peke yake juu ya ubao wa maonyesho halimwambii mtu kitu.

Nadhani najua ulikopotelea, kwa sababu wanafunzi wengi hupotelea hapo. Zoezi hili la vitenzi limeingia studio likitokea kwenye uchongaji. Miaka ya 1967 na 1968 mchongaji Mmarekani Richard Serra aliandika kwa penseli, kwenye karatasi mbili, orodha ndefu ya vitenzi: kuviringisha, kukunja, kupinda, kusokota, kukata, kupasua, kuning'iniza na vingine vingi. Kukunja kimo mwanzoni kabisa. Halafu akavitenda kimoja kimoja kwenye mpira, risasi na chuma. Kwa mfano mwaka 1967 alichukua kipande cha mpira kilichotupwa ghalani, akakiinua kwa ukingo mmoja, nacho kikasimama chenyewe kama hema dogo. Kazi hiyo inaitwa kwa kitenzi chenyewe, kuinua. Kwa mchongaji hesabu inafungwa hapo: kuna mkono, kuna mata (yaani kitu kinachotendewa, kama mpira au chuma), kuna tendo. Usanifu una mhusika mwingine ambaye Serra hakulazimika kumhudumia, yaani mtu anayekaa ndani saa nane mchana mwezi wa Februari. Ukiichukua njia ya mchongaji bila kumwongeza mtu huyo, utapata sanamu kila mara, hata ukiwa na mikono mizuri namna gani.

Hebu tuangalie kitenzi kilichofanya kazi mpaka mwisho. Mwaka 1981 Maya Lin, msichana wa miaka 21 aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, alishinda shindano la kubuni kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Vietnam. Michoro iliyoshindanishwa ilikuwa 1,421. Wazo lake, kama alivyolieleza mwenyewe, lilikuwa kuikata ardhi, kuifungua, na kuacha nyasi zilizibe jeraha baadaye. Sasa fuata kitenzi hicho uone kinavyoamua. Ukikata, hujengi juu. Basi hakuna nguzo, hakuna paa, hakuna mnara. Mkato una sura ya ndani. Basi ni ukuta wa itale nyeusi iliyosuguliwa hadi mtu anajiona usoni huku akisoma majina. Mkato una kina. Basi mgeni anaanzia usawa wa nyasi, anashuka polepole, ukuta unampita kimo hadi anapofika katikati, ambako una karibu mita 3, kisha anapanda tena kuelekea mwanga. Kila mkono wa ukuta una takriban mita 75, mmoja unaelekea kumbukumbu ya Lincoln na mwingine mnara wa Washington. Majina ni zaidi ya 58,000. Ilipofunguliwa Novemba 1982 hapakuwa na umbo la kushangaza hata kidogo, na watu walilia.

Kitu ninachotaka ukiangalie zaidi katika kisa kile ni ugomvi uliofuata. Kulikuwa na watu waliotaka sanamu ya askari na mlingoti wa bendera viwekwe pale pale katikati, mahali kuta mbili zinapokutana. Lin alikataa, na kitenzi chake kilimpa sababu ya kukataa: ukisimamisha kitu katikati ya jeraha, huo si mkato tena, umekuwa ukumbi wa sanamu. Mwishowe sanamu ya askari watatu iliwekwa mwaka 1984, lakini kando, mbali na pembe ile. Kitenzi kinachofaa kinakupa uwezo wa kusema hapana kwa sababu ambayo hata mpinzani wako anaielewa. Jiulize kwa uaminifu: tangu uanze, "kukunja" kimekufutisha nini kwenye ramani yako? Kama jibu ni hakuna, basi hakijaanza kazi.

Watu wawili wanaweza pia kutumia kitenzi kimoja wakafika mbali kabisa, na hilo linapaswa kukutia moyo. Chukua kuinua. Msanifu Lina Bo Bardi, katika jumba la sanaa la São Paulo lililofunguliwa mwaka 1968, alipewa kiwanja chenye sharti kwamba mandhari ya kuelekea katikati ya jiji yasizibwe. Akainua sehemu kuu ya jengo mita 8 juu ya ardhi, likaning'inia kati ya nguzo nne zilizopishana mita 74. Alichoinulia ni mandhari, lakini waliofaidi ni wananchi: uwanja ule wa chini ukawa mahali pa masoko, mikutano na maandamano hadi leo. Huko Gando, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré naye aliinua, ila aliinua paa tu. Shule aliyowajengea watu wa kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001, ina dari la matofali ya udongo, na paa la mabati limenyanyuliwa juu yake kwa kenchi za nondo nyembamba ambazo mafundi wa pale pale waliweza kuzichomelea. Hewa ya moto inatoka kwa juu, upepo unapita kati ya dari na bati, na bati lililochemka halimgusi mtoto aliye chini. Mwaka 2022 Kéré alipata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kitenzi ni kile kile. São Paulo kilimtumikia mpita njia, Gando kikamtumikia mwanafunzi na joto lake, na ukiyaweka majengo hayo mawili pamoja hakuna atakayedhani ni ndugu. Kwa hiyo mtu akikwambia "kukunja kimeshatumika sana", usiogope. Muulize kilitumika kwa ajili ya nani.

Sasa njoo nyumbani, maana mfano ninaoupenda kuliko yote uko Lamu, na nashangaa kwamba kwenye studio zetu hautajwi inavyostahili. Nyumba za mawe za mji ule, mji uliotambuliwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa kitenzi kimoja: kusitiri. Hakuna aliyekiandika ukutani, lakini kila fundi alikijua, na kila uamuzi ulipimwa nacho.

Anza nje. Mlango una daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wa kawaida wasiohitaji kuingia. Mgeni amepokewa kwa heshima zote na ndani hajaona kitu. Akiruhusiwa kupita mlango anakuta tekani, sebule ndogo ya kupokelea, na njia inapinda hapo. Hata mlango ukiachwa wazi, jicho la mtu wa barabarani linaishia kwenye ukuta. Halafu kiwanda, ua ulio wazi juu, ndio unaoleta mwanga na hewa, kwa sababu ukuta wa barabarani umenyimwa madirisha makubwa. Nyumba iliyokataa kutazama nje imelazimika kutafuta mbingu yake ndani. Kutoka kiwanda unapanda hatua hadi msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini, unapanda tena msana wa yuu, ukumbi wa juu, halafu ndani, chumba cha mwisho kabisa, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu. Kadiri unavyozidi kuingia, ndivyo unavyozidi kuinuka na kusitirika, na ndivyo nakshi zinavyoongezeka. Utajiri umewekewa wa nyumbani. Wapita njia wameachiwa ukuta mtupu wa chokaa. Na mitaani juu kuna wikio, vyumba vilivyojengwa kuvuka uchochoro, ambavyo viliwawezesha wanawake kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kushuka mtaani.

Angalia na mata pia. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziendi mbali. Vyumba vikawa vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 3 kwa upana, na virefu. Fundi mwingine angelalamika. Mafundi wa Lamu wakavipanga vyumba hivyo vyembamba kimoja nyuma ya kingine, vikawa tabaka za sitara. Kizuizi cha mata na kitenzi cha nyumba vikakubaliana. Nataka na wewe uyatafute makubaliano ya namna hiyo, na ndiyo maana sitaki ubaki kwenye karatasi. Karatasi haina mvua, haina uzito, haina fundi. Inakubali kila kitu, kwa hiyo haikufundishi kitu.

Tuje basi kwenye maktaba yako, na tuanze na swali ambalo modeli yako haikuuliza: kukunja kunafaa nini?

Jambo la kwanza ni nguvu. Laza karatasi juu ya vikombe viwili, italegea katikati. Ikunje migongo-migongo, utaipakia sarafu na itazibeba. Mata haikuongezeka, umeihamisha tu kutoka kwenye ubapa na kuipa kina, na kina ndicho kinachokataa kupinda. Kwa mhimili wa kawaida wa mstatili, kina kikiongezeka mara 2, ukakamavu wake huongezeka mara 8. Bati la kawaida tunaloezekea lina unene wa chini ya nusu milimita, na bila migongo yake lingejipinda kwa uzito wake lenyewe. Kwa hiyo kitenzi chako tayari kiko juu ya kila nyumba ya Tanga. Ukuta nao ni vivyo hivyo. Kule Chuo Kikuu cha Virginia kuna kuta za bustani zenye unene wa tofali moja tu zinazosimama kwa sababu zimejengwa kwa kupinda-pinda kama nyoka. Na huko Atlántida, Uruguay, mhandisi Eladio Dieste alikamilisha mwaka 1960 kanisa ambalo kuta zake za matofali zinakwenda mawimbi, ukuta unabonyea na kuvimba, na umbo hilo ndilo linalouwezesha kusimama mrefu bila nguzo. Kanisa hilo liliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Ukienda kwenye jopo na kusema "ukuta wangu umekunjwa, kwa hiyo unasimama bila nguzo za zege", hakuna atakayekwambia ni umbo tu.

Jambo la pili ni kona. Ukuta ulionyooka hauna mahali pa mtoto kujibanza. Ukuta uliokunjwa unazaa vidaka, na mtoto anayesoma hupenda kitu mgongoni mwake na mwanga ubavuni. Hapa Lamu inakusaidia: ukubwa wa zidaka ulikuwa wa kuweka kitabu na chombo cha kauri, kuza kidaka hadi atoshe mtu. Kina cha mita 1.2 kinatosha, na benchi la saruji la sentimita 35 hivi kwenda juu kwa watoto wa shule ya msingi. Sasa kukunja kumempata wa kumkunjia.

Jambo la tatu ni jua na upepo, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu ndipo kitenzi chako kitakapopata ukubwa wake halisi. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima. Kuanzia Aprili hadi Septemba linaegemea kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi linaegemea kusini. Kuta za kaskazini na kusini zinakingika kirahisi: upenu wa mita 1 upande wa kaskazini hutupa kivuli cha karibu mita 1.8 ukutani saa sita mchana mwezi Juni, na upande wa kusini hutupa karibu mita 3 mwezi Desemba. Ukuta wa shida ni wa magharibi. Jua la saa kumi alasiri linaingia limelala, upenu hauliwezi, na saa hiyo ndiyo watoto wanatoka shule kuja maktaba.

Basi kunja ukuta wa magharibi. Usiukunje pande sawa kama feni ya karatasi. Ukunje kama meno ya msumeno. Uso mrefu wa kila jino uelekee magharibi na uwe umezibwa kabisa, uso mfupi uelekee kusini na uwe ndio wenye dirisha. Jua la alasiri litagonga uso uliozibwa. Dirisha litapokea mwanga wa anga na upepo wa kusi, na ukiurefusha ule uso mrefu kidogo kupita dirisha, utalikinga dirisha hata na jua la Desemba linapozama upande wa kusini-magharibi. Mtoto anakaa ndani ya jino, mgongo kwenye ukuta mzito, mwanga unamjia ubavuni, upepo unampita usoni bila kumpeperushia kurasa iwapo kizingiti cha dirisha kimeinuliwa juu ya meza. Kumbuka pia kwamba miezi yenye joto kali kuliko yote, Januari hadi Machi, ni miezi ya kaskazi na si ya kusi. Kwa hiyo weka matundu ya juu upande wa kaskazini-mashariki, tofali za matundu zinatosha, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea misimu yote miwili.

Unaona kilichotokea? Mkunjo umepata mwelekeo, kina, uso mrefu na uso mfupi, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye ladha yako au yangu. Vimetoka kwenye jua, upepo na mgongo wa mtoto.

Kuhusu paa, hapo sikubaliani na modeli yako kama ulivyoieleza. Kila mkunjo wa ndani wa paa ni mfereji, na kila mfereji ni mahali pa kuvuja. Mvua ya milimita 50, ambayo masika inaweza kuileta kwa siku moja, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 200 inakupa lita 10,000 za maji. Ukiyagawa maji hayo kwenye mikunjo sita, umempa fundi sehemu sita za kukosea, na chini yake kuna vitabu. Mimi ningekunja paa mara moja tu. Mkunjo mmoja, mpana, wenye mteremko unaoonekana kwa macho, unaomwaga maji nje ya jengo kwenye tangi, na wenye tundu la dharura pembeni endapo majani yataziba njia. Watoto wasimame barazani waone maji yakimwagika. Chini ya bati weka dari zito lenye nafasi ya hewa juu yake, vinginevyo mvua ikianza hakuna atakayesikia hata sauti yake mwenyewe akisoma. Kéré ameshakuonyesha jinsi nafasi hiyo inavyopunguza na joto.

Sakafu usiikunje kabisa. Najua umeona picha za kituo cha meli cha Yokohama, kilichobuniwa na Farshid Moussavi na Alejandro Zaera-Polo na kufunguliwa mwaka 2002, ambako sakafu inakunjwa ikawa paa na paa likawa bustani ya kutembelea. Ni kazi kubwa, na mikunjo ile ya chuma ndiyo mifupa ya jengo. Lakini gati lile lina urefu wa zaidi ya mita 400. Mteremko unaofaa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12. Kupanda sentimita 60 tu unahitaji mita 7.2 za urefu. Katika maktaba ya kata, sakafu iliyokunjwa itakula nusu ya chumba na kumfungia nje mzee mwenye mkongojo. Hapo wacha kitenzi kikae kimya.

Na hilo linajibu swali lako la pili. Kitenzi kimoja kinaweza kubeba jengo kwa maana ya kuongoza maamuzi makubwa: jengo linasimamaje, linaingiwaje, mwanga unaingia wapi, mtu anakaa wapi. Hakitakiwi kuonekana kwenye choo, stoo na kitasa cha mlango. Msanifu Frank Lloyd Wright alibuni jumba la sanaa la Guggenheim, New York, kwa kitenzi cha kushuka: upande kwa lifti hadi juu, kisha uteremke kwa njia inayozunguka huku ukitazama picha. Ukitembea mle ndani mwili wako unakielewa kitenzi bila kuambiwa. Lakini kilifika hadi kwenye ukuta wa kutundikia picha, ukuta ukapinda na sakafu ikainama, na mwaka 1956 wasanii 21 walitia saini barua ya kulalamika, jengo likiwa bado halijafunguliwa. Mimi nalipenda jengo lile, ila naona wasanii walikuwa na haki. Wright alikifikisha kitenzi mahali ambapo mtendewa, yaani picha, alikuwa anaumizwa.

Kuna nyongeza moja ambayo lugha yetu inakupa bure, nawe uitumie. Kabla hujachora tena, kinyambue kitenzi chako. Kunjia: unamkunjia nani? Tumeshapata, mtoto wa alasiri. Kunjwa: ni kipi hasa kinachokunjwa? Ukuta wa magharibi, na paa mara moja. Kunjua: kuna kinachokunjuka? Hapa nina pendekezo. Upande wa barabarani, mashariki, weka milango ya mbao ya kukunja inayofunguka yote, ili mkutubi aikunjue asubuhi na baraza na chumba viwe kitu kimoja, kisha aifunge jioni vitabu vikiwa salama. Saa za asubuhi jua linatoka upande huo huo, kwa hiyo baraza liwe na upenu mpana, au mwembe uliopo kiwanjani usikatwe. Kwa mlango huo kitenzi chako kinapata mtendaji wa tatu, baada yako na jengo: mtu wa kata anayelifungua jengo lake mwenyewe kila siku. Kunjana sioni kama kina kazi hapa, kiache.

Kwa jopo lijalo, modeli ya karatasi ibaki nyumbani. Nenda na sentensi moja yenye mtendaji na mtendewa, kwa mfano "ukuta wa magharibi unajikunja ili mtoto anayetoka shule apate kiti chenye kivuli na upepo wa kusi", na ikiwa ni sentensi yako mwenyewe, bora zaidi. Nenda na mchoro wa mkato, yaani kama jengo limekatwa wima ili ndani yaonekane, wa skeli ya 1:20 wa jino moja tu la ukuta, kuanzia msingi hadi upenu, ukionyesha tofali, benchi, dirisha, lenta, jua la Desemba saa kumi na kichwa cha mtoto mahali pake. Na nenda na modeli moja ya mata nzito, udongo au plasta, ya jino hilo hilo, kubwa kiasi cha kutia mkono ndani.

Anza na mkato huo leo usiku, kabla hata hujasahihisha ramani ya sakafu. Ukiona baada ya kuuchora kwamba sentensi yako haisimami, kwamba ukuta wa kawaida ulionyooka wenye miti mbele yake ungemfaa mtoto vizuri kuliko mkunjo, basi hapo badilisha kitenzi bila huruma. Jaribu kukinga, maana paa lako litakuwa linafanya kazi mbili za kitenzi hicho, kukinga jua na kukinga maji ya mvua, na una mahali pa kuanzia. Lakini nimepiga hesabu ya jua na upepo wa kiwanja chako kama ulivyonieleza, na nadhani kukunja kitasimama.